Saini Mbili za Friza ya Sili

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilitoka kwangu Lewisham, London, na koti jeupe mkobani nikidhani nitapewa darubini. Mkuu wa maabara alinikabidhi kalamu ya wino usiofutika na friza. Ndani mlikuwa na vichupa vya majimaji ya damu ya sili, wale wanyama wa baharini wenye masharubu. Vilianza kukusanywa baada ya kirusi, jamaa wa kile cha surua, kuwaua kwa wingi pwani ya mashariki ya Uingereza. Majimaji hayo huonyesha kingamwili, yaani kama mwili unakijua kirusi na unaweza kupambana nacho. Kila mwaka tuliongeza vichupa, maana watoto wa sili huzaliwa na kinga ya kundi hupungua. Friza ile ndiyo ingetuambia lini wako hatarini tena.

Mkuu yule akastaafu, akaja mkurugenzi mpya, mtu wa mikutano. Kila wiki alilalamika kuwa friza inakula nafasi. Nilimweleza, nikamwandikia, nikamweleza tena mpaka mdomo ukachoka. Kwetu sampuli hazikutupwa bila saini mbili: ya mkurugenzi na ya mtunza friza, yaani mimi. Ijumaa moja akaniletea fomu ya kuvitupa vichupa, yeye keshasaini.

"Hakuna mlipuko miaka yote hii," alisema. "Unawasubiri wafe?"

Nikasaini. Nilitaka anyamaze, niwahi basi langu.

Mama Furaha, Mkongomani aliyefanya usafi pale, aliitazama mifuko niliyoijaza vichupa. "Dada, hii yote munatupa? Haiko na kazi tena?"

Nilimjibu ovyo, na mpaka leo naona haya.

Miaka michache baadaye kirusi kikarudi. Simu zililia kutwa; walinzi wa fukwe walitaka kujua ni sili wangapi bado wana kinga, wajiandae kwa mizoga kiasi gani. Mkurugenzi akanijia mbio.

"Vile vichupa vya zamani viko wapi?"

Nilimfungulia faili lenye fomu ile, nikiwa na hamu ya kumwona akisoma jina lake. Akalisoma. Kisha akaweka kidole kwenye saini ya pili, akaondoka.

Sasa nimestaafu. Nimemsema mkurugenzi yule miaka mingi, hata binti yangu amechoka kunisikia. Lakini ninyi mnaovaa koti jeupe leo, jueni kuwa yeye alikuwa na saini moja tu. Ile nyingine iliwekwa ili imzuie, na ilikuwa yangu.