Siku Niliyookoa Maziwa ya Wenyewe

Mke wangu amenikataza kuisimulia hadithi hii mbele ya wageni, na simlaumu, maana aibu ile ilimgusa na yeye ingawa hakufanya kosa lolote isipokuwa kuolewa na mimi. Lakini nimeona bora niiandike mwenyewe humu daftarini, kwa sababu huko mitaa ya Jericho na Buru Buru, hapa Nairobi, inasimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na wameitia chumvi (eti nilipigwa na nazi, jambo ambalo si kweli, hakuna aliyenigusa). Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka. Nitajaribu kutomsingizia mtu, hata mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa rangi. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mvua za vuli zikielekea mwisho, nilipata kazi Buru Buru kwa Mhindi mmoja aliyeitwa Kanti. Alikuwa karani katika duka la vyuma kule Industrial Area, mtu mpole, mwembamba, wa kuvaa sweta hata jua likiwaka. Alikuwa amenunua nyumba yake ya kwanza tangu azaliwe, na angeingia na mkewe Manjula na mama yake mzee, ambaye wote walimwita Ba, basi na mimi nikamwita Ba. Kazi yangu ilikuwa kupaka nyumba nzima ndani, ukuta wa jikoni rangi ya mafuta, ile ya maziwa ya kung'aa. (Ndiyo, rangi ya maziwa. Nyambura mke wangu husema huo ulikuwa ni utabiri.)

Sasa, ndugu zangu, Wahindi wa dhehebu lao hawahamii nyumba siku yoyote tu kama sisi, ambao tukipata mkokoteni tumehama. Wanamwendea Maharaji, ambaye ni kama padri wao, naye anafungua kitabu, anaangalia nyota na mwezi, halafu anawapa saa. Si siku tu, ni saa na dakika zake. Jumapili moja Kanti alinijia nikiwa juu ya ngazi, ameshika karatasi kama mtu aliyeshika yai.

"Fundi Mwangi," akasema, "Maharaji natoa nafasi mbili. Jumatano iko kubwa, kutoka saa mbili mpaka saa nne kasorobo. Ijumaa iko dogo sana, saa tano na dakika saba mpaka saa tano na thelathini na moja. Baada ya hapo naingia mwezi mbaya, mwezi mzima hakuna mtu naingia nyumba mpya. Na Jumamosi mimi narudisha funguo ya Ngara, iko mpangaji mwingine nangoja. Sema kweli. Jumatano rangi natakauka?"

(Kiswahili chake naandika kilivyokuwa, si kwa kumcheka. Changu wakati ule hakikuwa bora kuliko chake, na Kikuyu alichojua yeye kilikuwa kingi kuliko Kihindi nilichojua mimi.)

Hapa ndipo mkasa ulipozaliwa, katika jibu la neno moja. Rangi ya jikoni ningeimaliza Jumatatu, na kufika Jumanne jioni ingekuwa kavu kama mfupa. Lakini Jumanne nilikuwa nimemwahidi mwenye hoteli mmoja wa Dandora kwamba nitammalizia ukuta, na milango ya Kanti ilikuwa bado. Nikisema Jumatano, Dandora siendi. Basi nikashuka ngazi, nikaugusa ukuta kwa kidole kama daktari anayegusa paji la mgonjwa, nikasema, "Na mvua hii, bwana? Jumatano haitakauka. Itashika sari za akina mama. Tuseme Ijumaa."

Kanti akatazama karatasi. Akahesabu kimoyomoyo. "Dakika ishirini na nne," akasema. Halafu akaikunja. "Basi Ijumaa. Wewe ndiyo najua rangi."

Jumanne nilikuwa Dandora, na nikila andazi la mwenye hoteli nikajiambia dakika ishirini na nne ni nyingi, mtu aweza kuvuka mlango katika dakika moja. Sikujua kwamba kuvuka mlango ni mwanzo tu.

Alhamisi, nimemaliza milango, Kanti akanialika. Akasema kwao fundi hutakiwa awepo siku ya kuingia, apewe kitu, aondoke na moyo mweupe. "Njoo na Mama Njoki," akasema, yaani Nyambura, mama wa mtoto wetu. Nikavaa koti langu la harusi na Nyambura akavaa kitambaa kipya, na Ijumaa saa nne tulikuwa tumesimama getini pamoja na jamaa zao kumi na tano hivi na jirani wa upande wa kulia, Mama Zuhura, Mwislamu mmoja mcheshi ambaye alikuwa ameweka jiko la makaa uani kwake akipika chai ya wageni kwa kujitolea.

Maharaji alikuwa na saa ya mfukoni. Kanti alikuwa ameitegesha yake kwa redio asubuhi. Saa tano na dakika saba Maharaji akanyanyua mkono, Manjula akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, mtungi wa maji kichwani na nazi juu yake, Ba nyuma akishikwa mkono, na sisi sote tukafuata. Wakaimba, wakanyunyiza, wakazunguka chumba hadi chumba. Mimi jasho lilikuwa linanitoka. Kila mara Maharaji alipotazama saa, na mimi nilitazama uso wa Maharaji. Nilikuwa nikiwaza, Jumatano wangekuwa na saa nzima na zaidi, wangeimba hata nyimbo zote za kitabu, lakini leo mzee wa watu anaimba kama anayefukuzwa na mbwa, na ni kwa ajili yangu.

Tukafika jikoni. Stovu mpya ya mafuta ya taa ilikuwa mezani, ukutani kabisa, na mimi roho ikaniruka kwa ajili ya ule ukuta wangu. Juu yake sufuria mpya ya maziwa. Manjula akawasha. Watu wakajipanga duara, wakanyamaza, wote wakikodolea macho maziwa. Mambo yote yalielezwa kwa lugha yao, na kusema haki, hawakuwa na sababu ya kunitafsiria, kwa maana nani angedhani fundi wa rangi ataingilia?

Maziwa yakaanza kutetemeka. Yakafanya ngozi. Yakaanza kupanda.

Nikawatazama. Hakuna aliyesogea. Manjula, ambaye alikuwa karibu kabisa, alikuwa amekunja mikono kifuani akitabasamu. Nikasema moyoni, hawa wamezama katika maombi, hawaoni! Jamani, mimi nimelelewa Murang'a. Mama yangu alinichapa mwiko mara mbili tu maishani, na zote zilikuwa za maziwa kumwagika. Mikono yangu haikuningoja. Nikapenya kati ya shangazi wawili, nikashika sufuria kwa pindo la koti langu la harusi, nikaitumbukiza katika beseni la maji baridi lililokuwa kando, na kwa mkono mwingine nikazungusha kile kishikio cha stovu mpaka mwisho ili moshi usichafue ukuta.

Halafu, Mungu anisamehe, nikageuka nikiwa natabasamu, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Poleni! Yalikuwa karibu kumwagika!"

Ba ndiye aliyelia kwanza. Haikuwa sauti kubwa, ilikuwa kama ya mtu aliyechomwa sindano. Manjula akafunika uso kwa sari. Kanti akanijia, midomo inamcheza.

"Fundi! Sisi nataka mwagike! Maziwa lazima mwagike, ndiyo baraka, nyumba najaa mpaka namwagika! Wewe nafanya nini?"

"Mimi niliona..."

"Dakika ngapi nabaki?" Kanti akamgeukia Maharaji.

Maharaji akaonyesha vidole kumi, kisha kimoja. Kumi na moja.

Wakaharakisha kuwasha stovu tena na hapo ndipo ilipoonekana kazi yangu ya pili. Nilikuwa nimekizungusha kishikio kwa nguvu hata tambi zote zimezama ndani ya tangi. Kanti akachokonoa kwa kijiko. Mjomba mmoja akachokonoa kwa kalamu. Nikasema, "Nipeni, nina koleo," na shangazi wawili wakasimama mbele yangu kama askari wa lango.

"Wewe kaa mbali na kitu yote," mmoja akaniambia.

"Baba Njoki," Nyambura akaninong'oneza kwa Kikuyu, "ungekuwa umelala nyumbani leo, ungepungukiwa na nini?"

Nilichoona kichwani ni Kanti na mkewe na yule bibi wamelala mwezi mzima sakafuni kwa binamu, vyombo vyao vimefungwa kamba, nyumba yao imekaa tupu na rangi yangu inang'aa bure. Na yote ni dakika ishirini na nne badala ya saa moja na robo tatu, kwa sababu ya ukuta wa hoteli Dandora.

Ndipo nikakumbuka jiko la Mama Zuhura. Sikuomba ruhusa (hilo nalo ni kosa, naliandika). Nikatoka mbio, nikazunguka ua, Mama Zuhura akashtuka, "Kuna nini, fundi, nyumba inaungua?" nikamwambia, "Afadhali ingeungua!" nikatua birika lake la chai chini, nikainua jiko kwa vipini vyake viwili na kukimbia nalo barabarani, cheche zinaruka, koti limelowa maziwa, na watu waliokuwa wamesimama getini kwao kutazama harusi (wao walidhani ni harusi) wakaanza kupiga makofi.

"Faya! Faya!" kijana mmoja akapiga kelele. "Wazimamoto wanabeba moto wenyewe!"

Nikaliweka jiko kwenye sakafu ya jikoni, viganja vinaniuma. Kila mtu akamtazama Ba, na mimi nikaelewa bila kutafsiriwa: ule ni moto wa jikoni kwa mtu mwingine, wa dini nyingine, umekuja mikononi mwa mwehu. Ba akalitazama jiko. Akasema neno fupi.

"Mama nasema moto hapana chafuka," Kanti akasema. "Haraka!"

Bado ilibaki shida, maana maziwa yalikuwa baridi na sufuria imejaa, na Maharaji ameonyesha vidole sita. Ba mwenyewe akainama, akachota kikombe kimoja tu, akakimimina katika kisufuria kidogo cha chai, akakiweka juu ya makaa na kuanza kupepea kwa pindo la sari yake. Hakuna aliyepumua. Vidole vinne. Vitatu. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni nimeshika mikono yangu kwa nyuma, mmoja umeukamata mwingine, kama mfungwa anayejilinda mwenyewe.

Yakapanda. Yakafika ukingoni, yakasita pale kama yanayonitazama mimi, halafu yakamwagika, shaaa, juu ya makaa, na wote wakapiga kelele za furaha, na wingu la majivu likaruka likaenda kutua lote kwenye ukuta wangu wa rangi ya maziwa. Maharaji alifunga saa yake. Saa tano na dakika ishirini na tisa.

Baadaye wakati wa zawadi Ba aliniita. Nilidhani zawadi yangu imefutwa, lakini hapana, alikuwa na kitambaa cha shati kimefungwa vizuri, na ladu, donge la tamutamu yao, ambalo alinitia mdomoni kwa mkono wake kama mtoto. Nilijaribu kulimeza nikashindwa. Nikalitoa (jambo lisilo na adabu, lakini nieleze nini), nikasema mbele ya wote, "Bwana Kanti, rangi ingekauka Jumatano. Niliwadanganya. Nilikuwa na kazi Dandora."

Nyambura akaziba macho. Kanti akamtafsiria mama yake, na Ba akajibu bila hata kuacha kupanga ladu kwenye sahani.

"Mama najua," Kanti akasema. "Jumanne jioni sisi nakuja hapa, Mama nagusa ukuta na kidole. Iko kavu kabisa. Hata Maharaji nasema bado tunaweza rudi Jumatano."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Fundi natoka na ugomvi, ugomvi nabaki ndani ya nyumba. Mama nasema afadhali dakika kidogo." Halafu, kwa mara ya kwanza siku ile, akacheka. "Sisi najua wewe iko mwongo kidogo. Hapana najua iko na wazimu pia."

Walicheka wote, hata Maharaji, na mimi nikacheka kwa sababu kulia kungenichelewesha kuondoka. Jumatatu nilirudi nikapaka ule ukuta upya bila kudai kitu, na Manjula akanipa chai. Wapo humo humo hadi leo na mambo yao si mabaya, lakini sitajisifu kwa hilo wala sitajilaumu.

Mitaani jina langu ni Faya. Nimelizoea. Nyumbani, maziwa yakianza kupanda, siku hizi nakaa kitako na kumwuliza Nyambura kwanza, "Haya, niyaache au niyaondoe?" na hadi amalize kunitukana yamekwisha kumwagika. Na mwenye nyumba akiniuliza rangi yake itakauka lini, sisemi Jumatano wala sisemi Ijumaa. Namwambia, njoo, mzee, uguse mwenyewe.