Wifi Alinikuta Nimelala Macho Wazi

"Wifi, mwambie mtu wako aniache nilale."

Waridi alikuwa kasimama mlangoni mwa duka, macho mekundu, kanga kaifunga upande.

"Mtu wangu yupi?" nikamuuliza. Nilikuwa nakunja doti za kanga. Sikuacha kukunja.

"Huyo anayenikaba. Nikijilaza tu mchana, ananikalia kifuani. Nasikia watu wanaongea, siwezi hata kuinua kidole. Umenitumia wewe."

"Pole. Mimi nilipokabwa ulisema nina majini. Na wewe unayo?"

Hajira wa duka la mashuka, jirani yetu, akavuta kiti chake karibu. Kariakoo ugomvi mzuri hauachwi upite hivihivi.

Mume wangu Shomari, kaka yake Waridi, alikuwa kaunta. Kainamisha kichwa kwenye simu, lakini kidole hakisogei.

Niwape mkasa wenyewe, maana hasira yake ninayo mpaka leo.

Duka ni langu. Nilimaliza diploma, ajira sikupata, nikatembeza kanga begani mitaa yote ya Kariakoo mpaka nikapata fremu. Shomari alinioa nikiwa na ufunguo tayari.

Kisha nikamzaa Mboni. Meno yalipoanza kumtoka, usiku ukawa hakuna kulala. Kwa hiyo mchana, wateja wakipungua baada ya adhuhuri, nilikuwa najilaza chali juu ya marobota nyuma ya pazia.

Hapo ndipo nikaanza kukabwa.

Macho yanafunguka. Naona pazia, nasikia wachukuzi nje wanaomba njia. Mwili hautikisiki. Na miguuni kasimama mwanamke.

Mara ya kwanza nilidhani nimekufa. Baadaye nikazoea, nikagundua kitu. Ndotoni, maandishi ya kanga hayatulii. Unasoma, unageuza jicho, ukirudi yameshakuwa mengine.

Nikiona hivyo najua naota, basi nafanya nitakavyo. Kuna siku niliruka juu ya mabati ya mtaa wa Gerezani, nikawachungulia mafundi wa magari, nikarudi kuuza.

Sasa siku moja yule mwanamke akainama, akasukuma kitu chini ya robota.

Nikasoma kanga yake. Nikageuza jicho, nikarudi.

Maneno yaleyale.

Na kanga ile nilimpa mimi, sikukuu ya Idi.

Alikuwa Waridi. Akanitazama usoni, akaona nimekabwa, akatabasamu. Akaondoka taratibu kama mtu aliyetoka kumwagilia maua.

Mwili ulipofunguka nikaingiza mkono. Hirizi. Imeshonwa kwa kaniki nyeusi.

Nikampelekea Shomari.

"Mama Mboni, ulikuwa umekabwa," akasema. "Mtu aliyekabwa anaona mengi."

Waridi akadakia. "Kaka, si unaona? Ana majini, na hirizi zake mwenyewe zinamgeukia. Huyu wa kumwachia duka?"

Siku ileile Shomari akaninyang'anya ufunguo, ukaning'inia kwenye kamba shingoni mwa Waridi. Mimi nikawa mkunja doti kwenye duka langu.

Sikulia. Nikaenda kwa daktari Upanga. Akaniambia si jini. Mtu akikosa usingizi kwa muda, halafu alale chali, akili inaweza kuamka mwili bado umelala.

"Inaweza kumpata yeyote?"

"Yeyote, akikosa usingizi vya kutosha."

Nikamshukuru. Njia nzima nikawa nalirudia lile jibu moyoni.

Kaniki nauza mwenyewe. Nikakata vipande, nikavijaza majani ya chai, nikashona vifanane na ile ya kwanza. Kimoja nikakitia kwenye mkoba wa wifi yangu.

Akakitupa mtaroni. Kesho yake akakikuta kwenye kiatu.

Akakichoma. Akakikuta chini ya mto, maana tunaishi nyumba moja.

Ikawa yeye halali. Taa yake haizimwi. Mboni meno yameshatoka, mimi nageukia ubavu, nalala fofofo.

Haikupita wiki akaanza kusinzia dukani. Chali. Juu ya marobota yangu.

Ndipo ile siku akaja kusimama mlangoni.

"Nimeitupa, imerudi," akasema. "Nimeichoma, imerudi. Hirizi ileile niliyoi..."

Akakata.

"Malizia, shoga," Hajira akasema. "Hapa hatuna haraka."

Shomari akaweka simu chini. "Uliyoifanyaje?"

"Niliyoiweka chini ya robota." Machozi hayo. "Nilitaka tu anipishe, kaka. Na mimi nina maisha."

"Mama Mboni," Shomari akaanza.

"Usinianze. Nilikuambia, ukasema naona mengi."

Nikamnyooshea Waridi mkono. Akaivua kamba shingoni, ufunguo una joto la jasho lake. Shomari nikamwonyesha rundo la doti. Anakunja mpaka leo, na bado pembe hazimkai sawa.

Mnaopenda funzo, chukueni hili. Mkikabwa, nendeni hospitali, na jaribuni kulala ubavu. Na ukimkuta mtu kalala macho wazi, usimfanyie ubaya ukidhani haoni.

Nimalizie.

Waridi akafungasha arudi kwa mama yake. Kabla hajapanda bajaji akanishika mkono.

"Wifi, nisamehe. Niambie basi, nifanyeje nisikabwe tena?"

Dawa naijua. Lala ubavu, lala mapema. Ilikuwa mdomoni kabisa.

Nikakumbuka lile tabasamu.

Mfukoni ilikuwa imebaki hirizi moja.

"Nimekusamehe, wifi," nikasema, nikamkumbatia kwa nguvu. Mkoba wake ulikuwa wazi.

Nikaitumbukiza.