Msalimu Mama Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, kliniki ya mama na mtoto ya Pangani, nilimchukua mtoto mgongoni kwa mamaye nikamtundika kwenye mizani kama nanasi sokoni. Akaangua kilio, na foleni nzima ikamfuata. Muuguzi Mfawidhi, mkuu wetu, akaniita pembeni.

"Binti, umemsalimu nani?"

"Mtoto, Sista."

"Ndiyo maana. Msalimu mama kwanza. Mtoto anakusoma usoni kwa mamaye."

Ninyi mnaoingia kazi hii leo, shikeni hilo. Kila mtoto huzaliwa na hulka, yaani namna yake ya kuipokea dunia kabla hajafunzwa lolote. Yuko anayemchekea kila mtu, yuko wa moto, asiyejua kusubiri, na yuko wa taratibu, anayetaka kukutazama mpaka aridhike. Wakikaribia miezi tisa, wengi huanza kuogopa wageni, kwa sababu sasa wanawajua walio wao. Si ugonjwa, wala si deko.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya upande wa Ushongo. Huko alinijia Mwanaidi, mke wa mvuvi, na Bakari wake wa miezi tisa, mtoto wa taratibu hasa. Kila bibi yake mzaa baba, Bi Mwanakombo, alipokuja kumwona na kumnyooshea mikono, Bakari alilia mpaka akakaukiwa sauti. Bibi akaamini mtoto kafunzwa na mamaye kumkataa. Akaamua kumpeleka kwake ng'ambo ya mto amwachishe ziwa, kama wazee wetu walivyozoea.

"Sista, wiki hii ananichukulia mwanangu," alisema Mwanaidi huku akilia. "Baba yake kakubali."

Roho iliniuma. Mtoto wa hulka ile, kukosa mama na ziwa kwa mpigo mmoja! Jioni nikaenda kwao.

Nikamkuta Bi Mwanakombo ukumbini, keshafika kumchukua mtoto, anasuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri. Lakini yeye na mkwewe hawakusemeshana. Maneno yote yalipitia kwangu: "Mwambie huyo alete maji." Nikajua Bakari anasoma nini usoni kwa mamaye. Kumkanya mzee nisingeweza, basi nikamwomba atufundishe kusuka. Mkwe gani hukataa nafasi ya kumkosoa mkazamwana?

"Mikono hiyo!" alimwambia Mwanaidi. "Wasuka ukili au wafunga kuni?"

Mwanaidi akacheka, hakuweza kujizuia. Bibi naye akacheka. Bakari akachungulia kutoka nyuma ya mamaye, akamtazama mama, akamtazama bibi. Mara akatambaa, akaudaka ukili. Mikono ya bibi ikaanza kunyooka.

"Usimshike, Mama," nikanong'ona. "Mwache aje."

Akajizuia kwa tabu. Bakari akaweka kiganja gotini kwa bibi.

"Kumbe hanichukii," alisema Bi Mwanakombo, machozi yakimtoka. Kisha akamgeukia mkwewe, akamsemesha mwenyewe. "Bakia na mwanao, mwanangu. Mie n'takuja."

Nilimalizia kazi kituo cha afya cha Chumbageni, na hapo ndipo nilipostaafu. Juzi kijana wangu na mkewe wameniletea mjukuu wa miezi tisa. Aliponiona tu, akapiga ukelele. Mimi, na miaka yangu yote ya kliniki! Iliniuma, sifichi. Mikono ilikuwa imeshanyooka. Nikairudisha, nikamgeukia mama yake, mkwe ambaye tangu harusi nilikuwa nikimjibu kwa mkato.

"Karibu, mwanangu," nikamwambia. "Umechoka na safari?"