Khisa Alipompisha Mama Junaid

Kwenye bwawa la kumwagilia mashamba, nje kidogo ya Naro Moru, sheria ya kwanza ya mashindano ya mashua imeandikwa kwa chaki mlangoni pa stoo: anayepigwa na upepo kutoka kushoto humpisha anayepigwa kutoka kulia. Rehana, au Mama Junaid kama wengi walivyomwita, hakuhitaji kuisoma. Aliyeiandika alikuwa mumewe, mwalimu Shee. Walipokwisha kumzika, Rehana aliichukua mashua yake, Subira, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Siku za kazi alishona sare za shule mjini Nyeri, na mishono yake haikufumuka. Jumamosi zilikuwa za tanga.

Jumamosi moja ya mashindano, kilichomkosesha raha ni kikombe cha mshindi. Subira ilikuwa imekishinda mara mbili mikononi mwa Shee, na mashua ikishinda mara ya tatu, nyumba yake hubaki nacho daima. Rehana alikwisha kukipangia mahali sebuleni, pale mgeni anapoketi.

Walipokaribia boya la mwisho, mbele walikuwa wawili tu: yeye na Khisa, askari polisi aliyehamishwa kutoka Bungoma. Upepo wa mlimani ulimpiga Rehana kutoka kushoto, Khisa kutoka kulia. Njia ilikuwa ya Khisa.

"Kama huna haki, amua mapema," Shee alizoea kusema. "Pita nyuma yake. Utapoteza hatua chache tu."

Rehana alilikumbuka neno hilo vizuri. Kisha akalitazama boya, akaitazama pua ya mashua ya Khisa, akajiambia kuwa nafasi ya kupita mbele ipo.

Haikuwepo. Khisa aliukata usukani ghafla, tanga lake likapwaya, mashua zikapishana kwa upana wa kiganja.

"Khisa! Mbona hukunipigia kelele?"

"Aii, mama! Mimi nipigie kelele mke wa mwalimu? Pita tu, hiyo kikombe ni yenu!"

Huko nchi kavu watu walimpisha Rehana kila mahali kwa heshima ya mumewe, kwenye foleni ya benki, kwa mwenye duka, naye alipokea kama haki yake. Sasa alipishwa hata pale asipostahili. Mashua nyingine zilikuwa mbali nyuma. Sebuleni mgeni angelisoma jina la Shee lililochorwa kwenye kikombe na kusifu. Nyumbani humo Rehana peke yake ndiye angejua kikombe kimefikaje pale.

Adhabu ya kumkatia mwenzako njia ni kuzunguka mara mbili papo hapo. Akausukuma usukani.

"Mama, unaenda wapi?"

"Nazunguka!"

"Ati nini? Lakini hakuna mtu ameona!"

"Wewe umeona. Na mimi si kipofu."

Alipomaliza mzunguko wa pili, mashua mbili zilikuwa zimempita. Akawa wa nne.

Ufuoni Khisa alikishika kikombe kana kwamba kinaunguza. "Mama, unisamehe."

"Sikusamehi. Siku nyingine ukiwa na njia, piga kelele mpaka mlima usikie."

Jumamosi iliyofuata walikutana tena katikati ya bwawa.

"Mama Junaid! Upepo uko kulia kwangu! Toka njiani ama nikushike nikupeleke stesheni!"

Rehana aligeuza mapema, akapita nyuma yake, akicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka.