Vikombe vya Muuza Chai

Mimi hakuna cha kunishtua. Nimetoka kisiwani Kudha na shati moja, darasa la pili sikulimaliza, leo nina duka la unga hapa Kismayu, la ghorofa. Kwa hiyo juzijuzi, simu zilipoanza kupiga kelele kuwa kimbunga kinakuja kuimeza pwani, sikushtuka. Niliita mahamali wakapandisha magunia yote juu, nikapigilia mbao mlango na madirisha, nikajifungia humo na mke na watoto.

Ndugu yangu, umewahi kukaa siku mbili na unga katika chumba kisichopita upepo? Jasho lageuka uji mwilini. Watoto wanakohoa, nje husikii kitu. Humo ndimo Kudha ilimonirudia.

Bibi alikuwa akikaanga papa, sisi wajukuu tukikuna nazi, na masikio yake yako pwani. Aliyeleta habari ya upepo mbaya hakupewa kahawa mpaka ajibu ni mtu gani aliyemwambia, kwa Kibajuni chetu: "Kakwambia mchu gani? Naye kaona, ama kaambiwa?" Siku moja walifika manahodha watatu, kila mmoja na chombo chake, wote wakisema tukimbilie bara. Wanawake wakaanza kufunga mizigo, sisi twalia. Bibi akawauliza mmoja mmoja. Kumbe wote wameipata kwa muuza chai mmoja wa bandarini.

"Basi huyo ni mchu mmoja," akasema. "Nyinyi ni vikombe vyake."

Akaturudisha kwenye nazi, akamngoja mwalimu, mwenye redio, atuletee taarifa. Upepo ulipita mbali. Mwaka mwingine mwalimu alitoka uso umembadilika, na bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba godoro.

Mimi nami nilikuwa na watatu: shemeji yangu, dereva wa bajaji na mteja wangu wa kisiwani Fuma. Wote walinitumia sauti ya mtu akitangaza maangamizi. Siku ya pili mke wangu akasema, "Hebu lete simu." Akazisikiliza zote.

"Bwana, sauti ni ileile. Hata jogoo anayewika nyuma ni yuleyule. Na huyu wa Fuma, aliyempelekea ni wewe."

Nikaichukua simu, nikatazama: kweli, nilimtumia mimi kwanza, naye akanirudishia.

"Kaka yangu wa bandarini kasoma taarifa ya watu wa hali ya hewa. Kimbunga kimeelekea kaskazini, huku ni mvua tu."

"Kasoma lini?"

"Juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia ukipigilia misumari. Ukaniagiza nyundo kubwa zaidi."

Bibi hayupo tena, na redio ya mwalimu sijui iliishia wapi. Siku hizi habari haipiti mlangoni ikaulizwa. Yaingia mfukoni moja kwa moja, nasi twaipeleka mbele kabla haijapoa. Nilingʼoa mbao mwenyewe, mtaa mzima ukitazama, jua likiwaka. Mahamali kupandisha, mahamali kushusha, mbao, misumari, na siku mbili bila kuuza hata kilo: dola mia sita na themanini na tatu.