Flapu Si Breki ya Lori

Kosa langu la kwanza la urubani nililifanya chumbani kwetu Mwanjelwa, jijini Mbeya, nikiwa nimekaa kwenye kigoda: nilidhani flapu ni breki.

Kitabu cha marubani wa kivita nilikinunua sokoni kwa muuza karanga, naye ukurasa wa flapu alishaufungia karanga za mtu. Nilichojua ni kwamba flapu ni vipande vya nyuma ya bawa, vikishushwa ndege hupunguza mwendo. Palipobaki nilijazia akili ya utingo, maana niliwahi kupanda malori ya Iringa: gari likikimbia mno, vuta breki. Kuuliza niliona aibu.

Nikatengeneza ndege. Usukani ulikuwa mpini wa jembe, na wenzo wa flapu ulikuwa breki ya mkono ya lori bovu. Mitambo mingine yote alikuwa dada yangu, ambaye alinitajia kasi na maadui huku akipepeta mchele wa Ubaruku.

"Rubani, adui nyuma yako. Na maji ndani yameisha."

Nilivuta flapu mpaka mwisho, adui akapitiliza, nikamtungua. Nilirudia hivyo miezi mitatu. Wenzo ukilia kidogo tu, napaka grisi, naanza upya.

Kisha wakaja Iringa watu wa kuchagua vijana wa urubani, nikawafuata huko. Kwa umri wangu, sikuwa na nafasi nyingine baada ya hiyo. Walikuwa na chumba cha rubani cha mbao, chenye saa za kupimia mwendo na wenzo halisi wa flapu. Mkufunzi, mzee mpole, akasimama kando yangu.

"Adui yuko nyuma. Kasi yako ni ya juu kabisa. Unafanya nini?"

Nikavuta wenzo mpaka mwisho. Haukulia.

"Mkono mzuri," akasema. "Ila flapu zimeng'oka. Kwa kasi hiyo upepo unazivunja. Hupunguzi mwendo kwanza, ukashusha kidogo? Nani alikufundisha?"

"Shikamoo," nikajibu, mara ya tatu asubuhi ile.

"Marahaba. Nani?"

"Nilijifundisha mwenyewe."

"Inaonekana."

Sikuchaguliwa. Nilipomsimulia dada, aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo ndege zote zile tulikuwa tunaziangusha wenyewe?"

Sasa najifunza ufundi wa malori hapa Mbeya. Bado narudia kazi mpaka inyooke, ila kabla ya kuirudia naenda kwanza kumuuliza anayeijua.