Kitabu cha Matukio Nilichokiandika Upya

Muhula huo nilikuwa nikisoma na kidato cha tatu riwaya ambayo haikuwa hata kwenye mtaala. Nilikuwa mwalimu wa fasihi katika shule ya bweni ya wasichana, juu kwenye vilima vya Mbooni, na tulikuwa na nakala tisa tu, kwa hivyo wasichana walisoma watano watano, vichwa vikigusana.

Riwaya yenyewe ilihusu nchi ambako kila mwaka maafisa wa serikali walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya barua na shajara za watu, wakazisahihisha, kisha wakazirudisha. Mama aliyeandika kwamba mtoto wake alikufa njaa alirudishiwa shajara inayosema hakuwahi kuzaa. Kilichowashangaza wasichana si maafisa. Ni kwamba watu walizoea, wakawa wanawapikia chai wakija.

"Madam," msichana mmoja aliniuliza, "hao maafisa walikuwa wanatoka wapi? Si ni watu tu wa hapo?" Alikuwa mrefu, mchangamfu, na mama yake aliuza machungwa kando ya barabara kuu pale Salama.

"Ni watu wa hapo," nikamjibu. "Lakini wangeweza kukataa. Kila mtu anaweza kukataa."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejipenda. Nikikumbuka hiyo sauti leo natamani kutema mate.

Wiki iliyofuata nilikuwa mwalimu wa zamu. Jumanne asubuhi mpishi aliniita stoo. Alifungua gunia, akachota mahindi, akaniwekea kiganjani. Yalikuwa ya muthokoi, kile chakula chetu cha mahindi na maharagwe, yamekobolewa tayari, lakini kwa ndani yalikuwa ya kijani kijani na yalitoa vumbi la kuvu. Harufu yake ilikuwa kama ya nguo mbichi zilizosahaulika ndani ya ndoo.

"Mwalimu, haya hata nguruwe hawezi kula," mpishi akasema.

Mimi ni mtoto wa Kitui. Huku kwetu hakuna asiyejua mahindi ya kuvu yamefanya nini. Nilipokuwa mdogo tulizika jirani na mkewe wiki moja. Nilikwenda mbio kwa mwalimu mkuu. Mama huyo alinisikiliza huku akipaka mafuta mikononi, polepole, kidole baada ya kidole.

"Waambie wayaoshe vizuri," akasema. "Maji mawili, matatu."

Yakaoshwa. Yakapikwa. Nami nilisimama mlangoni mwa ukumbi wa kulia nikiangalia wasichana wakipokea sahani zao, wala sikuwazuia.

Jumatano asubuhi bweni lilinuka. Wasichana walikuwa wamejikunja juu ya mabeseni, wengine wakishindwa kufika mlangoni. Kumi na mmoja tuliwapeleka zahanati. Muuguzi alipouliza walikula nini, nilimwambia ukweli, akaandika. Nami niliporudi shuleni niliandika yote kwenye kitabu cha matukio, kile ambacho mwalimu wa zamu huandika kila siku: gunia, kuvu, maneno ya mpishi, maneno ya mwalimu mkuu, majina kumi na moja. Wote walipona, namshukuru Mungu.

Wazazi walisikia, wakalalamika, na tukaambiwa kwamba maafisa wa elimu wangekuja Ijumaa. Alhamisi mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Tuombe kwanza," akasema.

Tuliomba. Alimwomba Mungu ailinde shule na adui anayetaka kuiaibisha. Baada ya amina akanisukumia kitabu kipya cha matukio, chenye jalada jekundu kama kile cha zamani, na karatasi moja.

"Unajua wasichana waliletewa matunda Jumapili, siku ya wageni," akasema. "Yale machungwa ya kutoka Salama. Si uandike tu vile ilivyo kwa hii karatasi? Halafu hicho kingine uniachie."

Ningependa kusema kwamba nilikataa. Nilikaa kwenye meza ya pembeni saa mbili nzima nikinakili matukio ya muhula mzima. Nilibadilisha kalamu, bluu, nyeusi, bluu tena, ili ionekane imeandikwa siku tofauti. Hakuna aliyeniambia nibadilishe kalamu. Hilo nililibuni mwenyewe, na nililiona ni werevu. Nilipofika Jumatano niliandika kwamba wasichana wanne walihisi kichefuchefu baada ya kula machungwa yasiyooshwa yaliyoletwa na mzazi. Kitabu cha kwanza kilipelekwa jikoni, kikaingia motoni chini ya sufuria ya uji.

Ijumaa maafisa walikuja wawili. Walipewa soda na sambusa. Mama wa Salama aliitwa pia, akaja na leso mabegani, na binti yake akasimama nyuma yake. Afisa mkubwa akamsomea maneno yangu.

"Machungwa yangu?" mama akauliza. "Hayo nauzia watu wa magari kila siku, na hakuna aliyewahi kurudi kulia."

"Mwalimu, huu ni mwandiko wako?" afisa akaniuliza.

"Ni wangu."

Msichana alinitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa akingoja niendelee.

Mwishowe akasema mwenyewe: "Sisi tuliokula machungwa tulikuwa watatu, na mmoja wetu hakutapika. Wale wengine hawakuonja hata kipande. Ilikuwa muthokoi, sir. Ilikuwa chungu."

Mwalimu mkuu akacheka kwa upole. "Hawa wanasoma kitabu fulani cha hadithi, kinasema serikali inadanganya watu. Sasa kila mahali wanaona uongo."

Hapo ndipo niliposema. Nilisema kitabu kile kilikuwa cha pili, kwamba mahindi yalikuwa na kuvu, kwamba niliyashika kwa mkono wangu. Nilisema kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari nyumbani.

"Kile cha kwanza kiko wapi?" afisa akauliza.

"Kilichomwa."

Alipangusa mafuta ya sambusa midomoni. "Mwalimu, sisi tunafanya kazi na kilichoandikwa."

Akafunga faili. Mama wa Salama hakunitazama. Alimshika binti yake mkono, wakatoka, na wakashuka moja kwa moja hadi zahanati. Alimwomba muuguzi aifungue rejista ya Jumatano, akaipiga picha kwa simu: majina kumi na moja, na mbele ya kila jina, mahindi yenye kuvu. Kwenye mkutano wa wazazi alisimama na ile simu, ikapita mkono kwa mkono, safu kwa safu, hadi nyuma kabisa. Wazazi hawakungoja mkutano uishe. Waliingia stoo, wakayatoa magunia na kuyamwaga uwanjani mbele ya ofisi.

Wasichana walianza kuniita shujaa, kwa sababu habari za ofisini zilikuwa zimevuja. Niliwaambia darasani kwamba mimi ndiye niliyeandika ule uongo. Waliguna, wengine wakashangilia, kana kwamba hata kukiri kwangu ni ushujaa. Ni yule msichana mrefu pekee ambaye hakushangilia. Alifungua daftari lake.

Mwalimu mkuu hakufukuzwa. Alihamishwa kwenda shule kubwa zaidi. Tulimfanyia sherehe ya kumuaga, yenye keki, kwaya na shada la maua, na afisa yuleyule akamsifu kwa uongozi wa kumcha Mungu. Nilikula keki. Nilipofika kwenye foleni ya kumpa mkono alinikumbatia, marashi yake yakanijaa puani, akaninong'oneza, "Nimekusamehe."

Nami nikajibu, "Asante, Madam."